Pasaka ya Matope: Mbio, Mvua na Bonde Letu

Na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali

Katika kurasa hizi aghalabu tunasoma habari za walimu waliotulea, mechi tulizoshinda na majengo yaliyoongezeka. Safari hii nimeona niandike historia ya jambo ambalo kila aliyesoma huku Mngeta analijua kwa miguu yake mwenyewe, ingawa halimo katika mtaala wowote: mvua inavyovunja safari ya mtu mwenye injini, na watu mbalimbali walivyojibu ilipowavunjia.

Sababu ya kuchagua mada hii si ngumu kueleza. Vijana wetu wengi wakimaliza kidato cha nne hupanda pikipiki kabla hawajapata kazi nyingine yoyote. Wengi wao wanajilisha na kuwalisha wazazi kwa kazi hiyo. Wapo pia wanaoshindana barabarani jioni za Jumapili, na wapo wanaoendelea kushindana hata mvua ikiwa imekwisha anza. Sitaki kuwahubiria. Nataka kuwaonyesha kwamba mchezo huo una historia ndefu, kwamba mabingwa wake wamepambana na hali ile ile ya hewa tunayopambana nayo sisi, na kwamba historia hiyo ina mambo ya kutufaa.

WACHEZAJI WA RIDHAA NA UKUNGU WA MLIMANI

Kwanza tuelewane juu ya mchezaji wa ridhaa. Huyu ni mtu anayeshindana kwa hiari na kwa fedha yake, wala hapati mshahara kwa mchezo wake. Jumatatu hadi Ijumaa ni fundi, mkulima, karani au mwalimu. Mwisho wa juma ndipo anapopakia pikipiki yake, spana zake na galoni ya petroli, akaenda kushindana.

Makao makuu ya mbio za pikipiki za barabarani ni Isle of Man, kisiwa kilicho baharini kati ya Uingereza na Ayalandi. Huko mashindano yaitwayo TT yalianza mwaka 1907, na tangu 1911 yakahamishiwa kwenye njia ya mlimani. Njia hiyo ina urefu wa kilomita zipatazo 60.7 kwa mzunguko mmoja, nayo si uwanja uliojengwa kwa ajili ya mbio. Ni barabara za kawaida za wananchi, zenye kuta za mawe, nyumba, makanisa na madaraja pembeni, ambazo hufungwa kwa saa kadhaa ili washindani wapite.

Mwaka 1923 wenyeji wa kisiwa hicho walianzisha mashindano mengine kwenye njia hiyo hiyo, kwa ajili ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Mshindi wa kwanza alikuwa Len Randles aliyepanda pikipiki ya Sunbeam, naye akashinda tena mwaka uliofuata. Lakini haukupita muda ugomvi ukazuka. Je, mtu ambaye kiwanda kimempa pikipiki kimya kimya, au kimemtengenezea injini bila malipo, bado ni mchezaji wa ridhaa? Wakubwa wa mchezo walibishana juu ya swali hilo kwa miaka kadhaa, na mwishowe, mwaka 1930, wakalifuta neno lenyewe na kuyapa mashindano jina la Manx Grand Prix, ambalo linatumika hata leo. Washindani wake wengi wameendelea kuwa watu wa kawaida wanaochukua likizo kazini ili waende kisiwani.

Sasa fikirini hali ya mtu wa namna hiyo. Ameweka akiba mwaka mzima. Amevuka bahari na pikipiki yake. Amelala katika hema pamoja na rafiki yake aliyekuja kumsaidia kushika spana. Kumekucha, naye anasikia matone juu ya turubai. Njia ile hupanda ubavuni mwa mlima Snaefell wenye kimo cha mita 621, na mlima huo una tabia ya kujifunika ukungu. Huenda bondeni jua likawaka, ilhali juu mtu haoni hatua ishirini mbele yake. Ukungu ukikaa, walinzi wa njia hawaonani kwa bendera, na helikopta ya kubebea majeruhi haiwezi kuruka. Helikopta isiporuka, hakuna kuanza. Mkuu wa mashindano hutangaza saa moja ya kungoja, kisha nyingine, kisha siku inakwisha.

Haya hayawapati wadogo tu. Mwaka 2012 mbio kubwa kuliko zote za TT, zinazoitwa Senior, ziliahirishwa kwa siku moja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, kisha zikafutwa kabisa kwa kuwa barabara haikukauka. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yake mbio hizo kufutwa kwa sababu ya hali ya hewa. Washindani walikuwa mabingwa wa dunia nzima, na watazamaji walikuwa wamejaa kisiwani. Hakuna aliyeambiwa ajaribu bahati yake. Pikipiki zilirudishwa magarini, na watu wakaenda makwao.

Nawaomba mlishike jambo hilo, maana nitalirudia: kwenye shule kongwe kabisa ya mbio za pikipiki, kuahirisha ni sehemu ya kanuni. Hakuna anayemwita mwenzake mwoga kwa kuwa ameizima injini mbele ya ukungu.

SAFARI YA AFRIKA MASHARIKI

Tuvuke bahari turudi kwetu. Huku Afrika Mashariki mashindano yaliyovuma kuliko yote yalikuwa ya magari, nayo yalichukua njia iliyo kinyume kabisa na ile ya kisiwani.

Yalianza mwaka 1953, kati ya Mei 27 na Juni 1, yakiitwa Coronation Safari, kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Nchi zote tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza wakati huo. Aliyeyabuni ni Eric Cecil, akiwa na ndugu yake Neil Vincent. Inasimuliwa kuwa Vincent alikuwa hapendi kuzunguka zunguka kwenye uwanja wa mbio kama ng'ombe wa kukamulia mafuta, bali alitaka kuendesha gari kukatisha nchi. Basi njia ikapangwa kupita nchi zote tatu, na magari yakagawanywa kwa madaraja ya bei yake dukani, ili mwenye gari la bei nafuu asipimwe na mwenye gari la kitajiri.

Hapakuwa na gari la kiwandani lililotengenezwa kwa mbio. Walioshindana walikuwa wakulima, wafanyabiashara na mafundi wa gereji, wengi wao Wazungu na Waasia waliokaa huku, kwa maana ukoloni ndio uliogawa nani amiliki gari na nani achimbe barabara. Walilipa kiingilio, wakabeba koleo, kamba na mbao za kuweka chini ya matairi, wakaondoka. Hawa nao walikuwa wachezaji wa ridhaa.

Baadaye mashindano yakahamishiwa majira ya Pasaka. Hapo ndipo kisa chetu kinapokolea, kwa sababu Pasaka haiwi kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25, na kila mtu wa Afrika Mashariki anajua kipindi hicho ni cha nini. Ni masika. Yaani wakati wenzao wa kisiwani waliungoja ukungu uondoke, waandaaji wa Safari waliyapeleka magari yakutane na mvua ilipo. Kwa takriban kilomita 5,000, usiku na mchana, dereva alipimwa kwa dakika alizochelewa kufika katika kila kituo cha ukaguzi. Mwenye dakika chache za adhabu ndiye mshindi. Mwaka 1960 mashindano yaliitwa East African Safari, na jina la Safari likaenea duniani kote.

Watanzania tuna sehemu yetu katika sifa hiyo. Mwaka 1966, na tena 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland wa Tanzania akiwa na Chris Rothwell, katika gari la Peugeot 404. Kwa muda wa karibu miaka ishirini hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeweza kuwashinda wenyeji. Wazungu wa Ulaya walikuja na magari mazuri na sifa kubwa, wakaondoka mikono mitupu, mpaka mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa gari la Ford Escort.

PASAKA MBILI ZA APRILI 14

Katika historia yote hiyo kuna miaka miwili inayotajwa kila mara, 1963 na 1968. Kwa sadfa ya kalenda, miaka yote miwili Pasaka iliangukia tarehe moja, Aprili 14. Na miaka yote miwili masika yalishuka kwa nguvu zote.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Yaliyofika mwisho yalikuwa saba. Mengine 77 yalibaki njiani: yaliyozama katika mito iliyofurika, yaliyokatika ekseli, yaliyoungua klachi kwa kujitoa topeni, na yaliyochelewa mno hadi kuondolewa. Mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na msaidizi wake Paddy Cliff, kwa Peugeot 404.

Mwaka 1968 yaliondoka magari zaidi ya 90. Waliofika walikuwa saba tena. Na mshindi? Alikuwa Nowicki yule yule, na Cliff yule yule, na gari la aina ile ile.

Mtu akishinda mara moja katika mafuriko unaweza kusema ni bahati. Akishinda mara mbili, katika miaka miwili iliyoangusha karibu kila mtu, hapo kuna ufundi wa kuchunguza. Tena miongoni mwa saba wa 1963 na saba wa 1968 kulikuwa na mtu mwingine aliyerudia, naye ni Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari, akaendesha gereji Nairobi. Mwaka 1965 alishinda akiwa na mdogo wake Jaswant katika gari la Volvo lililokwisha tumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976. Alifariki dunia mwaka 2013. Watu walimwita Simba.

Watu hawa walikuwa na nini ambacho wengine hawakuwa nacho? La kwanza, waliijua ardhi. Mtu aliyekulia huku anajua kwamba udongo mweusi wa mbuga haufanani na mchanga mwekundu; ule mweusi ukilowa hunata kama ugali kwenye mwiko, hujaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likashindwa kuzunguka. La pili, walikuwa mafundi au waliishi na mafundi, kwa hiyo waliisikiliza mashine yao. Hawakuikamua nguvu yote mahali ambapo nguvu ingeichimbia tu shimo. Peugeot 404 halikuwa gari lenye kasi kuliko yote, lakini lilikaa juu kidogo kutoka ardhini na lilivumilia kupigwa. Kwa sababu hiyo hiyo Volkswagen ndogo, ambayo injini yake imekalia magurudumu ya nyuma yanayosukuma, ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Uzito ulikuwa mahali panapohitaji kushika ardhi. Magari mengine yalifungiwa vishikio nyuma, ili msaidizi asimame juu ya bampa akiruka ruka kuyakandamiza magurudumu yapate kuuma.

La tatu halipatikani katika orodha ya washindi. Kila gari lililopita topeni lilisukumwa na mtu. Wanakijiji walitoka na kamba, majembe na mabega yao. Wengine walilipwa chochote, wengine walisaidia kwa ubinadamu, na wengine kwa ajili ya kufurahia tamasha. Majina ya wale saba yameandikwa na yanasomwa mpaka leo. Ya waliowasukuma hayakuandikwa.

Baada ya hapo historia yaenda haraka. Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Viwanda vikubwa vikachukua nafasi ya wakulima na mafundi. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia ilikuwa imebaki ndani ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Mashindano yaliondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarejeshwa 2021, yakifanyika Naivasha, na mwaka 2024 yakarudishwa tena kwenye majira yake ya Pasaka.

MASHINDANO YASIYO NA KIKOMBE

Mbio hizo hazikupita bondeni kwetu. Njia yake katika Tanganyika ilikwenda kwenye barabara zilizojulikana, na bonde la Kilombero katika masika halikuwa na barabara ya kumpeleka mtu Mlimba na kumrudisha siku ile ile. Lakini kama mtu angetaka kuchora njia ya kumjaribu dereva, asingehitaji kwenda mbali kuliko kutoka Ifakara kuja Mngeta na kuendelea Chita.

Sababu ni maumbile ya nchi. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, upande mwingine limelala bonde ambalo ni mojawapo ya maeneo oevu makubwa ya Afrika Mashariki. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, likiwa na eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Barabara yetu inapita chini ya milima, kwa hiyo inakutana na kila mto unaoshuka. Mvua inaweza kunyesha juu ambako huioni, huku wewe uko juani, na jioni mto uliouvuka asubuhi kwa kupandisha suruali umekuwa mto mwingine. Mto Mngeta wenyewe, ulioipa sehemu yetu jina, ni shahidi.

Wazee wa bonde hili hawakupigana na jambo hilo. Wandamba walikuwa na mitumbwi, na maji yalipojaa mtumbwi ndio uliokuwa barabara. Mkulima wa mpunga alijenga dungu lake juu ya nguzo, akalala humo akilinda shamba. Safari zilipangwa kwa majira. Kilichoweza kungoja kiangazi kilingojeshwa.

Badiliko kubwa lilikuja na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860. Reli hiyo ilipita Ifakara, Mngeta na Mlimba juu ya tuta lililoinuliwa na makalavati yaliyojengwa kwa hesabu. Barabara ilipokatika, treni ndiyo iliyobeba mgonjwa, mpunga, barua na mwanafunzi anayerudi shule. Nasi wa rika langu tunayakumbuka masika ya El Niño ya 1997 na 1998, yaliyovunja barabara na madaraja katika Afrika Mashariki nzima. Karibuni zaidi, Aprili 2024, majuma machache tu baada ya ile Pasaka ya Naivasha, mafuriko yalifunika sehemu kubwa za nchi yetu, bonde la Kilombero likiwemo. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini.

Basi pimeni wenyewe. Mvua iliyowaharibia wale madereva siku nne, sisi hutuharibia miezi minne. Wao walikuwa na vituo vya ukaguzi, magari ya huduma na waandishi wa habari. Huku kituo cha ukaguzi ni wodi ya wazazi, au chumba cha mtihani, na anayechelewa hapewi dakika za adhabu tu.

PIKIPIKI ILIPOINGIA

Hapo zamani pikipiki katika vijiji vyetu zilihesabika kwa vidole. Ilikuwepo ya padre, ya bwana shamba na ya bwana afya, na ukisikia muungurumo ulijua nani anakuja. Viwanda vya Japani vilikuwa vimekwisha tengeneza mashine ndogo, nyepesi na zisizokunywa mafuta mengi. Honda Super Cub ilitoka mwaka 1958. Lakini bei haikumfikia mwananchi wa kawaida. Mambo yaligeuka katika miaka ya 2000 zilipomiminika pikipiki za bei nafuu kutoka China na India. Jina la bodaboda, lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda wakati watu walipovushwa kwa baiskeli, likashuka hadi kwetu, na kanuni za serikali za mwaka 2010 zikaitambua pikipiki kuwa chombo halali cha kubeba abiria kwa leseni.

Kwa bonde letu faida yake haina kipimo. Pikipiki hupita penye kichochoro ambacho gari haliwezi. Kazi za serikali zimenikalisha nyuma ya pikipiki hizi masika mengi, nami nimewatazama vijana wetu kama mtu anayetazama mafundi. Huondoa madigadi ya mbele au huipandisha juu, ili tope lisikamate tairi. Hufunga mnyororo au kamba kwenye tairi la nyuma lipate kuuma. Huivika plagi kipande cha mpira wa tyubu maji yasiingie. Wakitoka mtoni hukanyaga breki polepole kwa mwendo mfupi, kwa sababu breki za ngoma zikilowa hazishiki mpaka zikaushwe. Na mto ukizidi, hupitisha miti miwili kati ya magurudumu, wanaume wanne wakaibeba pikipiki mabegani kama machela, abiria akafuata kwa miguu akiwa ameshikilia kamba.

Ndugu zangu, huo ni ufundi wa Nowicki na Joginder. Haukufundishwa na kiwanda chochote. Umezaliwa na udongo ule ule na mvua ile ile, na wenye ufundi huo ni watoto wetu.

Lakini ninaona pia upande wa pili. Nimesema wapo wanaoshindana, na sishangai, maana kijana akipewa injini atataka kujua mwenzake ana kasi gani. Hata wale wa kisiwani walianza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kule barabara imefungwa, mtoto haendi kisimani mbele yao, na akikaa ukungu mchezo unasimama. Huku barabara iko wazi, na matone ya kwanza ya mvua juu ya vumbi hugeuza barabara kuwa sabuni. Kijana anayeingia mtoni kwa kasi kwa sababu wenzake wanamtazama hajui kwamba maji ya magotini yanayokimbia yanatosha kumwangusha mtu mzima, sembuse mtu aliyekalia mashine yenye magurudumu mawili. Na abiria aliye nyuma yake hakujiandikisha katika mashindano yoyote.

TUFANYE NINI

Mwandishi wa historia asiishie kulalamika. Nina mapendekezo matatu kwa chama chetu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, tukubaliane na viongozi wa vijiji tuweke nguzo za kupimia kina cha maji katika vivuko vya barabara inayotumiwa na wanafunzi wetu. Nguzo ya zege iliyopakwa rangi nyeupe na nyekundu haigharimu mamilioni. Alama nyekundu ikizama, hakuna kuvuka, hata abiria akiongeza nauli. Kijana akiambiwa hivyo na nguzo, hakuna wa kumcheka. Nguzo itakuwa mkuu wake wa mashindano.

Pili, shule iwe na kipimamvua na daftari. Kila asubuhi mwanafunzi mmoja asome milimita na kuandika pia kama barabara inapitika au imefungwa. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kumbukumbu ya kumwekea mhandisi mezani, badala ya kumwambia tu kwamba huku mvua ni nyingi.

Tatu, wale wenzetu wanaoendesha pikipiki tuwakaribishe shuleni mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, wawafundishe wadogo zetu kuvuka mto, kukausha breki, na kutambua ni lini mtu anapaswa kuizima injini na kukaa chini ya mwembe akingoja. Hao ni walimu. Wengi wao walikaa katika madarasa yetu.

Mwaka 1963 watu 77 wenye magari mazuri waliharibikiwa na Pasaka yao, wakaenda nyumbani wakisimulia na kucheka, wakajaribu tena mwaka uliofuata. Mtu aliyebaki hai hupata masika mengine. Nawatakia wote mkutano mwema, na wale mnaokuja kutoka mbali nawaomba muulize hali ya mito kabla ya kuondoka Ifakara.